Meneja wa Houston Asiyekuwepo

Jumapili, Cedar Hill, kando ya Dallas. Joto limekalia paa tangu asubuhi, na mashine ya baridi inakohoa kama mzee.

Wewe unayesoma, nakuomba kwanza: usimwambie mtu. Usilipeleke neno hata moja kwenye kundi la kanisa wala la msikiti. Sisi Waswahili wa Texas tunakaa mbalimbali, nyumba hadi nyumba ni nusu saa ya barabara kuu, lakini habari zetu hufika kabla ya gari. Nipe hadi kesho adhuhuri. Kuna watu wawili wanaostahili kulisikia jambo hili kutoka kinywani mwangu.

Ninaogopa. Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mara tatu.

Mimi ni karani katika kampuni ndogo inayowabeba wagonjwa kutoka nyumbani hadi kliniki na kuwarudisha. Tuna magari sita hapa Dallas na mawili Houston. Mwenyewe ni Bi Zuhura, mama wa Mombasa, aliyenichukua nilipomaliza chuo na kukosa kazi. Kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungwa kwenye kazi hii. Nalitaja mapema ili nisije nikajifanya shujaa.

Kabla sijaja, kazi iliendeshwa kwa sauti. Kila alfajiri, baada ya kusali, Bi Zuhura alirekodi majina ya wagonjwa wa siku na kuyatuma kwenye kundi la madereva. Kila dereva alijibu kwa sauti, "Huyo wangu." Jina lisilojibiwa alilirudia, na mara ya pili hakuwa mpole: "Mzee Karanja hana mwenyewe leo? Au nije nimbebe mgongoni?"

Mimi msomi niliona aibu. Nikaandika programu.

Je, tukifungua tawi San Antonio? Je, tukiwa na madereva mia? Je, mkaguzi akiuliza nani aliidhinisha anwani ya mgonjwa ibadilishwe? Je, dereva mwovu akizichezea safari? Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa limetokea. Lakini kila moja lilininyima raha, na kila moja nililijengea chumba chake. Bi Zuhura alipotazama kazi yangu alicheka. "Mwanangu, sisi watu wa chumba kimoja, umetujengea kasri. Nani atafagia?"

Nikamwambia atanishukuru tutakapokua.

Chumba kimoja katika kasri hilo kilikuwa cha meneja wa Houston. Hatuna meneja wa Houston. Nilimuumba kwa ajili ya siku zijazo. Nilimpa cheo, nikampa sanduku la barua ndani ya programu, na nikaweka kanuni: anwani ya mgonjwa wa Houston ikibadilika, safari yake iondoke kwenye simu ya dereva, na barua ya kuomba idhini iingie sandukuni, mpaka meneja aidhinishe. Nilikusudia kukikalia kiti hicho mwenyewe kwa muda. Nilisahau.

Mama Furaha ni Mkongo, anakaa Gulfton, mtaa wa Houston, na husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Jumatano binti yake alinipigia kusema wamehamia jengo jingine, uzio uleule, geti la upande wa pili. Niliiandika anwani mpya huku nikinywa chai.

Alhamisi asubuhi binti akapiga tena. "Gari haijafika, kaka. Mama amekaa ku kiti pa mulango, na viatu ashavaa."

Nikatazama kioo cha kompyuta. Kilisema: Inashughulikiwa.

"Inashughulikiwa, dada," nikamwambia.

Neno hilo nililichagua mimi, miezi iliyopita, kwa sababu lilionekana la kistaarabu. Simu ilikuwa mkononi. Ningempigia dereva wa Houston, Bahati, na angefika ndani ya dakika ishirini. Lakini nilikuwa nimepiga marufuku kuwapigia madereva nje ya mfumo, na sikutaka kuwa wa kwanza kuivunja sheria yangu. Binti alipiga mara ya pili asubuhi hiyohiyo. Nilimpa jibu lilelile.

Ijumaa kliniki haikuwa na nafasi. Jumamosi alfajiri Mama Furaha alishindwa kupumua, na gari la dharura likamkimbiza hospitali. Sasa anapumua kwa msaada wa mashine.

Jana Bi Zuhura alimpigia Bahati, sauti ikiwa wazi ofisini.

"Bahati, ulilala?"

"Mama Bosi, mi sikulala. Niliangalia ku telefone, jina ya ule mama haikukuwa, nikawaza iko kwa mwenzangu. Ningeiona, ningemuacha? Tunasali naye kanisa moja!"

Bi Zuhura akanigeukia. "Mfumo unasemaje?"

"Mfumo hauonyeshi kosa," nikasema.

Ni kweli. Hauonyeshi.

Bahati aliwahi kuchelewa mara mbili, kwa hiyo ilikuwa rahisi kumwamini mfumo kuliko yeye. Laini yake ya kazi ilifungwa palepale. Kesho saa mbili asubuhi anafukuzwa kazi, na jina lake litabaki kuwa jina la dereva aliyemwacha mama wa kanisani kwake mlangoni.

Leo adhuhuri nimelifungua sanduku la meneja kwa mara ya kwanza. Nilitegemea barua moja. Nimekuta tisa.

Wagonjwa wanane kabla ya Mama Furaha walishatoweka kwenye simu kwa njia hiyohiyo, na hakuna hata mmoja aliyeachwa. Nimezisoma zote kabla ya kukubali sababu. Madereva walikuwa wameanzisha kundi lao la siri, wakiendelea kuitana majina kila alfajiri kama zamani. Jina lililokosekana kwenye simu, walilikumbuka kwa kichwa na kumfuata mwenyewe.

Najua, kwa sababu wiki tatu zilizopita niliwashtaki. Nilimwambia Bi Zuhura kundi hilo litavujisha siri za wagonjwa. Likafungwa. Barua nane ni za kabla ya siku hiyo; ya tisa ni ya Mama Furaha. Bahati peke yake ndiye aliyebisha, nami nikaandika kwenye faili lake kwamba hapendi mabadiliko.

Sikuharibu mara moja, basi. Niliharibu, watu wakaziba, nikawakata mikono.

Baada ya alasiri nimempigia Bi Zuhura na kumweleza yote.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi lifie hapohapo. Wakili akilisikia, familia nane za madereva hazina chakula, na wewe huna nchi. Bahati bado kijana, atapata gari jingine." Kisha, kwa sauti ya chini: "Usidhani mimi nalala, mwanangu."

Nikasema, "Ndiyo, Bi Zuhura." Mimi husema ndiyo siku zote.

Nimeifuta kanuni ya meneja. Mistari kumi na mmoja. Haikuchukua hata dakika. Nimezichapa barua tisa, na juu ya kila moja nimeandika kwa mkono kwamba kanuni ilikuwa yangu. Mwandiko ni mbaya, lakini jina linasomeka.

Sijui kama nitafika. Katikati ya Dallas na Houston kuna njia nyingi za kugeuzia gari, na nazijua zote.

Naondoka baada ya sala ya alfajiri. Nitaanza mlangoni kwa Bahati, kisha hospitalini kwa Mama Furaha. Atakayenitaka asipige ofisini. Atajibiwa na sauti niliyoirekodi mimi, na sauti hiyo haijui kitu. Baada ya adhuhuri aje hospitalini, ghorofa ya tatu, chumba wanaposubiri ndugu wa mahututi. Nitakaa kiti cha kwanza kutoka mlangoni. Kama binti hataki kuniona, nitashuka kwenye maegesho ya chini, gari dogo la kijivu lenye kioo cha nyuma kilichopasuka. Anayetaka karatasi aje, anayetaka kunitukana aje. Gongeni kioo. Nitafungua.