Telegramu Iliyorudi Kimilili

Chaani, Changamwe
Jumapili, 8 Desemba 1996

Kwa dada yangu mpendwa Pascalia,

Pokea salamu zangu kutoka huku pwani. U hali gani wewe na watoto? Goti lako limepoa? Mimi mwili ni mzima, ni viganja tu vimepasuka kwa sururu, lakini chakula hakinipiti tangu Jumatano barua yako iliponifikia. Aliyeniletea kutoka sanduku la posta la kanisa ni Mwikali, jirani yangu anayeuza mboga. Alikuja akinitania kwamba hatimaye nyumbani wamenipatia mke.

Nimeisoma mara nne. Mama alizikwa tarehe kumi na sita ya mwezi uliopita, mkanyolewa nywele, na mimi sikuwepo. Umeniuliza jambo moja tu: kama ni mzima, kwa nini telegramu yako ilirudi imeandikwa "hajulikani hapa"? Tena umeniambia kwamba Mama aliposikia imerudi aligeukia ukutani, akasema basi na huyu naye amemfuata kaka yake Nicanor kaburini, na hakuniulizia tena.

Jibu ninalo, dada. Nivumilie, maana siwezi kuliandika kwa mstari mmoja.

Unajua nafanya kazi katika bohari la makontena hapa Changamwe. Mwaka huu walileta kompyuta. Mtaro wa nyaya zake niliuchimba mimi, kutoka ofisi kuu mpaka getini. Kompyuta kubwa iko ofisini, ndiyo inayotunza rejista ya makontena na ya wafanyakazi wote, nao wameipa jina, wanaiita Kilindini. Ndogo ziko getini kwa karani, Mwanarehema. Lori likifika, yeye huiuliza Kilindini kama kontena hilo lina ruhusa ya kutoka.

Jumatatu, tarehe nne Novemba, kompyuta za getini ziliamka zikisema Kilindini haijulikani. Malori yakapanga foleni hadi barabarani, madereva wakatukana, na meneja akashuka mwenyewe kusimama juu ya vichwa vyetu. Fundi Odhiambo aliniita nimsaidie. Tulifunua mtaro wote, vifuniko ishirini na saba, tukitafuta waya uliokatika. Akanichokoza kwamba kama ni sururu yangu iliyoukata nianze kufunga mizigo. Waya ulikuwa mzima.

Hapo ndipo alipoingia tarishi wa posta na telegramu. Mwanarehema aliitazama ile bahasha, akamwambia wallahi watu ni wengi hapa, angoje kidogo mashine ipone amtafute huyo mtu katika rejista. Akaiweka mezani. Nilipoinama kushika waya nilisoma kilichoandikwa juu yake. Lilikuwa jina langu.

Sikuinua mkono. Sababu nitakwambia.

Odhiambo alikaa akaiita Kilindini kwa namba yake badala ya jina. Ikajibu papo hapo. Akapiga paja, akasema njia ni nzima, ugonjwa uko kwenye jina. Alinieleza, nami nilimwelewa ingawa darasa langu unalijua: kila kompyuta ndogo ina orodha yake ya majina, na mbele ya kila jina pana namba. Jumamosi walikuwa wameihamisha Kilindini na kuipa namba mpya, wakasahau kuziambia za getini. Kwa hiyo zilikuwa zinabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Alisahihisha ule mstari, lakini rejista bado ikakataa. Akakuna kichwa. Kumbe programu ya rejista nayo ina orodha yake nyingine, na ndani yake pia namba ilikuwa ya zamani.

Kazi hiyo ilichukua karibu saa mbili. Dada, kwa saa mbili nilishika waya huku telegramu yako iko hatua tatu kutoka kwangu, nikiomba mashine isipone.

Ikapona. Madereva walipiga honi kwa furaha. Kitu cha kwanza Mwanarehema alichokiuliza ni Wafula. Mashine ikajibu kwamba hakuna mtu huyo. Odhiambo akacheka, akasema sasa angalau inasema kweli. Mwanarehema akanigeukia, akaniambia nyinyi watu wa bara mnajuana wote, huyu Wafula wa Kimilili humjui? Aliponiita, Pascalia, aliniita Nicanor.

Ndiyo. Nilipokuja kuomba kazi walitaka cheti cha darasa la nane, na mimi niliishia la tano. Cheti cha marehemu kaka yetu, kile ambacho Mama alikihifadhi ndani ya sanduku la bati, akapekua nyumba nzima akikitafuta, akalia akidhani panya wamekila, nilikichukua mimi, pamoja na kitambulisho chake. Nilikuwepo alipolia. Nikamsaidia kutafuta.

Siku hizo walikuwa wakiingiza majina yetu kwenye mashine, wakikagua vyeti. Siku tatu kabla ya Jumatatu ile walimfukuza Nguma, aliyekuwa akichimba nami, kwa karatasi za binamu yake. Meneja alikuwa amesimama pale pale. Nikamjibu Mwanarehema kwamba simjui. Akaandika maneno yale uliyoyasoma, tarishi akaondoka. Nilijidanganya kwamba ni habari ya ng'ombe au ya shamba, nikarudi kufunika mtaro.

Mama alikuwa hai siku ile. Treni ya jioni ingenifikisha.

Sikuombi unisamehe leo. Cheti nimekiweka ndani ya bahasha hii pamoja na kitambulisho. Virudishe ndani ya sanduku la bati, mahali pake. Kesho asubuhi nitakwenda getini nimwambie Mwanarehema jina langu, halafu wafanye watakavyo. Baada ya hapo nakuja nyumbani. Nikichelewa kupata nauli nitakuja, hata iwe kwa malori. Nataka unionyeshe alipolala, nimwambie mwenyewe kwamba sikufa.

Wasalimie watoto, na baba mdogo, na wote waliobeba jeneza mahali pangu. Mwikali anakupa pole. Mungu akutunze mpaka tuonane. Ukiwa na neno la kuniambia hata kama ni la hasira, liandike kwa Wafula, kupitia sanduku lile lile la kanisa. Nitaitika.

Ni mimi ndugu yako,
Wafula