Wanamtafuta Naomi wa Oldeani

Shangazi Eliaichi, shikamoo. Nakuandikia nikiwa Karatu, nimekaa kwenye benchi nje ya duka ninakouzia shanga, na ukinijibu tafadhali badilisha majina, maana hata sijui nitarudi nyumbani kwa uso gani.

Mimi ni mjane wa Endulen na nina mtoto mmoja, Sifa, ambaye baba yake aliuawa na nyati wakati yeye bado ananyonya. Mume wangu alikuwa anatibu ng'ombe, na redio ya hapa Karatu walikuwa wanamwita aeleze kwa Kimaasai mambo ya kupe na ugonjwa wa ndigana wanaouleta, na vipindi vyake wakaviweka kwenye intaneti ili vijana wetu walioko mbali wasikilize. Siku hizi redio hiyo ina chumba cha kompyuta kwa ajili ya wasikilizaji, na kila Jumamosi jioni mtangazaji wao, Wilibrodi, anasoma maombi yaliyoingia kwa intaneti na kurusha kipindi cha zamani ambacho mtu amekichagua.

Siku moja nilileta shanga nikapita pale, dada wa kompyuta akaniuliza nataka kusikia nini, nikaona aibu kujitaja, nikamwambia andika Naomi wa Oldeani anaomba yule bwana wa ndigana. Jumamosi nikamsikia, Shangazi! Alikohoa kidogo kabla ya kuanza, vilevile alivyokuwa anakohoa akiingia ndani, nikalia mpaka maziwa yakamwagikia motoni. Tangu hapo kila nikija Karatu naomba tena, siwezi kuacha, na Sifa naye ameizoea sauti ile, anasogea kwenye redio anauliza baba atatoka humo lini.

Tatizo ni kwamba kwetu mtu akifa kijana hatajwi jina tena, hata mtoto wa jirani aliyekuwa wajina wake alipewa jina lingine baada ya msiba. Wilibrodi ni mtu wa kuja, hayajui hayo, anaona anamheshimu marehemu, basi analitamka jina mpaka unatamani ardhi ipasuke. Mama mkwe wangu akisikia anajifunika shuka kichwani, anauliza ni nani huyu anayemfukua mwanangu.

Na sasa ndiyo yameharibika kabisa. Shemeji yangu Ngoitiko amesema mwanamke anayemwomba marehemu kila mara lazima alikuwa kimada wake, na boma zima limeamini. Uongo mtupu, mume wangu hakuwa na mtu Oldeani! Mama mkwe amekuja kunipa pole, akanishika mkono akasema, "Vumilia mwanangu, hata huyu niliyemzaa mwenyewe amenitia aibu." Nikamwacha amseme mwanawe vibaya na mimi nimekaa pale pale. Ngoitiko anasema mnada wa ng'ombe wa mwezi huu ukiisha anakwenda Oldeani na wenzake kumtafuta huyo Naomi, na nasikia yupo mmoja kweli, anachuma kahawa kwenye shamba kubwa, ana mume na watoto.

Nikisema ukweli watanichukia, tena watakwenda redioni kudai sauti ifutwe, na mimi picha yake sina hata moja. Nikinyamaza, mwenzangu ataumizwa bure. Nifanye nini?

Mama Sifa

*

Marahaba, Mama Sifa. Pole sana, na pole hii si ya mdomoni. Nimemwomba mhariri barua yako itangulie nyingine zote, kwa sababu mnada haungoji.

Sasa nikugombeze. Mama wa watu anachuma kahawa yake, hajui hili wala lile, halafu agongewe mlango na vijana wenye fimbo, na mume wake aanze kumwuliza maswali? Kwa jina ulilolibuni wewe! Na huyo unayesema unampenda, unamwacha aitwe mzinzi na mama yake mzazi, wewe umeshikwa mkono unapewa pole? Hapana, mwanangu. Hapo umekosea sana.

Halafu kuna kitu nimekiona. Umeniandikia yote haya, na jina la mume wako hukuliandika hata mara moja. Mume wangu, marehemu, yule bwana. Mkono wako umekataa. Basi usijifanye hujui mama mkwe wako anaumia wapi, unajua vizuri kabisa, ila ulimwachia Wilibrodi akutamkie.

Ukipata gazeti hili, nenda redioni. Mwite Wilibrodi pembeni, mweleze mila yenu kwa adabu, hakukusudia ubaya. Mwambie kipindi kile asikirushe tena na akitoe kwenye intaneti, na kabla hajakitoa akunakilie kwenye kaseti, bila jina.

Kisha urudi Endulen siku hiyo hiyo. Usianze na Ngoitiko. Anza na mama mkwe, mkiwa wawili tu, umwambie, "Yeyo, mama yangu, Naomi ni mimi, na mwanao hakuwa na kimada." Akikutukana, kaa. Akikufukuza, kaa mlangoni. Yeye ndiye atakayemsimamisha Ngoitiko. Majina nimeyabadilisha, lakini gazeti hili hufika huko kwenu, hata kama ni la kufungia sukari, na mwenye akili atakutambua. Sema wewe kwanza.

Sifa naye aambiwe kuwa baba yake amekufa. Mtoto asikae anamngoja mtu kwenye redio.

Na ile kaseti usiifiche. Mpe mama mkwe mkononi, aamue yeye. Huenda akaivunja mbele yako, na itakuwa imekwisha, hutamsikia tena mume wako mpaka unakufa. Siwezi kukuficha hilo. Lakini mpe. Kikohozi hicho unachokililia, yeye alianza kukisikia kikiwa cha mtoto mchanga.