Pindo la Gauni Lako la Kijani

Dada Zena,

Juzi nilikwenda kliniki ya akili peke yangu. Usicheke. Mtu mzima, mvi kidevuni, nilikaa kwenye benchi nikakuachia nafasi yako, mpaka mama mmoja akaniuliza namwekea nani.

Daktari sasa ni binti, mgeni hapa Kigoma. Akaniamkia: "Shikamoo, baba." Marahaba. "Habari za dawa mpya?" Nzuri. "Usingizi?" Salama. "Na mwili?" Tunamshukuru Mungu. Unatujua watu wa Ujiji: hata nyumba ikiungua, ukiulizwa habari unaanza na nzuri, moto utafuata. Mtoto wa watu akaamini, akaanza kuandika dawa ileile.

Ungekuwepo ungeshasema, "Muongo huyo, daktari! Muulize tena." Miaka yote wewe ndiye uliyenisemea, mimi natazama dari kama vile mgonjwa ni wewe.

Na kweli nilikuwa muongo, dada. Moyoni nilishaamua kuiacha hiyo dawa. Kichwa imekituliza, sikatai. Siamki tena nikitaka kununua mitumbwi yote ya Kibirizi kwa pesa ya vifungo. Lakini mikono inatetemeka. Fundi cherehani mzima, hapo dukani kwangu Mwanga, namwomba mteja anitungie uzi kwenye sindano! Na kiu hiyo! Nakunywa maji utadhani nimetumwa kulikausha ziwa.

Basi nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka: "Mwanangu, nimekudanganya."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia ninyooshe mikono, akaitazama bila haraka, kama wewe ulivyokuwa ukikagua samaki wa mgebuka sokoni. Nami nikamuuliza lililokuwa likinikera: dawa nimemeza kwa ajili ya kichwa, nani kaionyesha njia ya vidoleni? Akacheka. Akasema inasafiri na damu, na damu haishuki kituo kimoja. Akaagiza nipimwe damu kwanza, ndipo aone kama dawa ipunguzwe. "Ila usiiache kimyakimya, baba. Ikikusumbua, njoo tugombane."

Tugombane! Nikajiuliza kama mlikutana mahali.

Damu wameshachukua, nangoja majibu. Nimekuwa mdadisi siku hizi: asubuhi naviangalia vidole kabla ya chai na baada ya chai, nione lini vinacheza zaidi. Mke wangu anasema nimepata kazi mpya.

Gauni lako la kijani bado linaning'inia dukani. Mungu alikuchukua kabla sijalikunja pindo, na binti yako Mwajuma anataka kulivaa Idi. Nilikuwa nalikwepa kwa aibu ya mikono hii. Kesho naliweka kwenye cherehani.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi pale kwa daktari nitajisemea mwenyewe, na hiyo "nzuri" itakaa nyuma ya foleni. Na Mwajuma akilivaa gauni, ukaona pindo limekwenda upande, usinitukane. Ujue tu mdogo wako bado anakunywa dawa.

Hamisi