Nilisema Ulikuwa Peke Yako

Mama,

Nimepata kazi. Huduma kwa wateja, shirika la ndege, hapahapa uwanja wa Mtwara. Baba kule kijijini ameshaitangazia Mpapura nzima. Mimi sijaweza kufurahi, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa kwa nini.

Kwenye usaili walikuwa watatu, wanaume wawili na mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Mwanamume mmoja akasema, "Tupe mfano wa abiria msumbufu uliyewahi kumwona." Kichwani kikaja kitu kimoja tu, mama: wewe, siku ile unakwenda Dar kutibiwa.

Nikasema, "Kuna bibi mmoja wa kijijini nilimwona uwanjani." Bibi mmoja! Nikawaigizia ulivyofungua fundo la kanga kutoa kitambulisho ulichokizungushia nailoni. Nikaigiza na sauti yako, na Kimakonde chako ndani ya Kiswahili: "Mwanangu, niweke karibu na dereva, mie ntu wa kutapika." Wanaume wakacheka. Nilipoona wanacheka, nikairudia.

Sauti yako, mama. Miezi mitano sijaisikia, na siku ya kuitoa kifuani nimeitoa ichekwe.

Yule mama wa miwani hakucheka. Akauliza, "Huyo bibi alikuwa na nani?"

"Peke yake," nikasema.

Hukuwa peke yako, unajua. Dada wa kaunta alipoangua kicheko, na foleni nzima ikamfuata, uligeuka kunitafuta. Nyuma yangu walikuwa wasichana wawili niliosoma nao chuo. Nikainamia simu kama vile sikujui. Ukageuka tena mbele, ukachukua tiketi yako. Ulipofika mlangoni bado ulinipungia mkono. Kaka alikupokea kule Dar, na mimi sikukuona tena ukiwa umesimama.

Kila nikija nyumbani, baba haachi kunishukuru. "Wewe ndiye uliyemsindikiza mama yako vizuri." Kila akisema hivyo nainuka, najifanya naosha vyombo ambavyo nimeshaviosha.

Jana simu iliita. Yule mama wa miwani. Aliposema nimechaguliwa, nikamkatiza, nikamwambia yote, maneno yakigongana: yule bibi ni mama yangu, amefariki, na mimi nilikuwepo. Kisha akasema, "Nilikuona ulivyojibu 'peke yake', nikajua. Jumatatu saa moja asubuhi uwe umefika." Akakata. Hakunipa pole wala hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Wakati mwingine nawaza labda hukuniona. Labda ulidhani nilikuwa nasoma ujumbe wa kaka. Lakini wewe… wewe uliona kila kitu nyumbani kwetu.

Ijumaa nakuja Mpapura. Nitapalilia kaburi lako, halafu nitamkalisha baba chini nimwambie kwa mdomo wangu nilivyokuacha pale. Sijui atafanya nini. Akinyamaza, nitanyamaza naye. Akiniambia niondoke, nitakaa nje mpaka aniite. Ila sitakwenda kazini Jumatatu nikiwa bado nasifiwa kwa jambo nisilolifanya. Nakuahidi hilo, mama, na hili silivunji.

Pumzika. Nilikuonea aibu wewe, mbele ya watu ambao hata majina yao nimeanza kuyasahau.

Mwanao,
Zuhura