Sikumkata Mama

Ijumaa, mjini Ibra. Vumbi tangu asubuhi, na jua limebaki jekundu kama jicho linaloumwa. Nimetoka kwa Mama sasa hivi. Nimekaa ndani ya basi langu la skuli, mlango nimefunga, naandika kwenye simu kabla ya Magharibi. Nyumbani siwezi kuingia na uso huu.

Leo nilikuwa nimenuia kusema. Nilisali Ijumaa, nikaomba nguvu.

Sikusema.

Nyinyi mnaonisoma hapa mnanijua kwa habari za basi na watoto na mindimu yangu. Sijapata kuwaambia kwamba mdogo wangu, Salum, alikuwa dereva wa mashindano. Si yale magari ya kifahari ya kwenye televisheni. Ni magari ya kawaida, saloon za nyumbani, yanang'olewa viti na kuchomelewa vyuma ndani, ikisha yanazunguka njia ya duara yakisuguana mbavu. La kwake alilinunua limebondeka mkia, akalitengeneza mwenyewe uani. Kila msimu tukilifunga juu ya trela tukilipeleka nchi jirani.

Miaka saba, na hakushinda hata mara moja. Aliwahi kuwa wa pili, na siku hiyo mtangazaji akamwita Saleh. Salum alicheka njia nzima mpaka tunafika Ibra.

Mimi nilikuwa macho yake. Dereva wa mambo yale hufungwa mikanda kama mtoto mchanga, shingo haigeuki. Lazima mtu asimame juu ya jukwaa na redio ya mkononi, amwambie mpinzani yuko ubavu gani: yupo ndani, yupo nje, pita. Tukisema Kiswahili, wenzetu Waarabu wakidhani tunagombana.

Na Mama alikuwa na kazi yake. Yeye ni mzaliwa wa Unguja, na tangu tuko wadogo hakumruhusu mtu kutoka safari mpaka amsomee Ayatul Kursi na kumpulizia utosini. Mashindano yakiwa mbali, akipiga simu kabla hayajaanza. Mimi nikiweka simu kwenye redio, nabonyeza kitufe, Mama anasoma, anapuliza, Salum anaitikia amin. Hakuna gari lililowashwa bila hilo.

Siku ile ya mwisho simu ilichelewa. Mama alikuwa na wageni.

"Mama, wameshaanza."

"Basi ndiyo anahitaji zaidi. Weka."

Nikaweka. Salum alikuwa wa tatu. Mzunguko wa tatu alikuwa ameshaparuzwa ubavu wa kulia, lakini gari lilikuwa linakwenda vizuri, na ilikuwa imebaki mizunguko mitano.

Redio zile hupeleka sauti moja tu. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe, simu imebanwa pale pa kusemea, na sauti iliyokuwa inamfikia ni ya Mama. Ndipo nikaliona gari jeupe linapanda upande wa nje. Salum naye akaanza kutanuka nje, kwa sababu hakuna aliyemwambia kitu.

Neno moja tu lilitakiwa. Nje. Kuondoa simu na kusema neno moja.

Mama alikuwa katikati ya Aya. Wallahi niliona haya. Niliona vibaya kuikata Aya katikati, tena kumkata mama yangu. Nikasema moyoni, anamaliza sasa hivi.

Akamaliza. Akapuliza, fuu, ndani ya redio. Ikisha nikasikia bati, na ukuta.

Salum hakufa, alhamdulillahi. Shingo yake ina vyuma na haigeuki tena, akitaka kukutazama hugeuka mwili mzima. Anauza tairi hapa sanaiya, kwenye mtaa wa magereji. Imepita miaka kumi na moja, na mimi mpaka leo mtu akipuliza chai mbele yangu kidole changu kinajibana chenyewe.

Leo alikuja mke mpya wa mpwa wetu, kutoka mji wa Sur, kumwamkia Mama. Mama akamkatia mkate wa kumimina, akamhadithia kama anavyomhadithia kila mgeni.

"Lau si Aya ile, mwanangu, huyu Salum ningekwishamzika. Gari lilikunjika kama karatasi! Muulize Nassor, si yeye aliyeshika simu? Nassor, sema."

Mdomo niliufungua. Nilikuwa nimeahidi msikitini.

"Naam, Mama," nikasema. "Ni mimi niliyeshika."

Mgeni akasema mashaallah. Mama akapuliza kahawa yake.

Nikaaga mapema. Salum akanisindikiza mpaka kwenye basi, akazunguka akitazama matairi, mwili mzima ukigeuka.

"Wewe Nassor, tairi zako zina kipara kunishinda mimi. Lete kesho nikubadilishie, usije ukaua watoto wa watu."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akashika kioo cha basi, akakifuta vumbi kwa mkono wa kanzu, polepole.

"Yule wa nje nilimuona," akasema. "Kwenye kioo cha kulia. Nilidhani nitamuwahi. Kosa langu mwenyewe, kaka. Hayo yalikwisha zamani."

Mimi sikuwa nimemuuliza kitu. Miaka yote hii sijamwambia neno.

Akanipiga bega, akarudi ndani kwa Mama.

Kioo cha kulia kiling'oka mzunguko wa tatu, alipoparuzwa. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kwenye redio: kioo chako kimekwenda, sasa kioo chako mimi.

Kwa hiyo anajua kwamba niliona na sikusema. Alijua alipokuwa kitandani hospitali, na alijua kila Mama alipohadithia, naye amekaa pale na shingo yake, akiitikia amin.

Mama nitamwachia Aya yake. Mwanawe yuko hai, na mimi si wa kusema kilichomlinda.

Lakini Salum, hapana. Adhana inaanza na mimi bado nimekaa hapa. Kesho skuli zimefungwa, asubuhi nitalipeleka basi sanaiya, na nitasema kabla hajapandisha jeki. Ataanza tena habari za kioo, namjua.

Mara hii nitamkata.