Mama Anangoja Dawa Ambayo Sikutengeneza

Mpendwa Bi. Sabiha,

Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana nimekosa hata wa kumwambia. Mimi ni Phelista, nakaa Kibomet hapa Kitale, nafanya kazi katika maabara ya utafiti, na kwetu ni Misikhu, ambako wazazi wangu ni wakulima, na mama yangu Rosaline ana ugonjwa wa sukari mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ni kutengeneza kimeng'enya cha panya, yaani ile protini ambayo ini la panya hutumia kuanza kuvunja sukari, lakini hatuchinji panya yeyote, tunachukua maagizo ya kuitengeneza, yaani jeni yake, na kuyaweka ndani ya bakteria, nao bakteria wanatutengenezea hiyo protini, kisha watafiti wanaitumia kujifunza jinsi mwili unavyotumia chakula. Miezi minane nilishindwa, kila mara protini ilitoka imegandana kama maziwa yaliyoharibika, nikamwaga, nikaanza tena, mpaka nikaamua kupunguza joto na kuwaacha bakteria wakue polepole, na mwezi jana ikatoka safi, ikafanya kazi, na mkubwa wangu Bwana Kimaiyo akaipima mara tatu kisha akaniambia, “Hii ndiyo tuliyokuwa tunaagiza ng'ambo.” Bi. Sabiha, nililia kwa furaha.

Kosa langu lilianzia hapo, kwa sababu nilipiga simu nyumbani nikasema nimetengeneza kitu cha sukari, na Baba, ambaye huuza mahindi mwaka mzima bila kujisifu, akasimama kanisani akasema binti yake amepata dawa ya sukari, na sasa majirani wanakuja kuuliza itafika lini, na Jumapili hii kuna ibada ya shukrani kwa ajili yangu. Nilienda nyumbani wiki iliyopita nikiwa na nia ya kusahihisha, lakini walinipokea kwa nyimbo, nikanyamaza, na nakiri kwamba nilifurahia. Halafu nikamwona Mama amepungua, anakunywa maji kila saa, nikamuuliza kuhusu tembe zake, akasema, “Zile za kliniki nimeweka kando wiki mbili. Si nangoja yako?”

Nikarudi Kitale bila kumsahihisha. Nitamwambiaje ukweli bila kumwaibisha Baba mbele ya watu wote?

Phelista, Kibomet

Phelista,

Barua yako ilinifikia Jumatano asubuhi, na sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia simu saa hiyo hiyo, na kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji yaliyofuata.

Nilikukaripia, na sijutii. Mtu aliyemwaga kazi ya miezi minane kwa sababu haikuwa sawa, anawezaje kuacha sentensi moja ya uongo imkalie mamake mwilini? Uliogopa aibu ya Baba ukasahau damu ya Mama. Nilikuambia uombe ruhusa kazini, uende Misikhu siku hiyo, na ukweli uanzie kwa mgonjwa.

Ukaenda. Kliniki walipima sukari ikawa juu sana, wakamrudisha kwenye tembe zake, na kufikia jana ilikuwa imeanza kushuka. Mama hakukulaumu. Alikwambia tu kwamba angejua angeendelea kuzimeza, na hilo nalo lilikuuma.

Baba, ulivyonisimulia, aliuliza, “Kwa hivyo si dawa. Sasa ni nini ulitengeneza?” Ukamweleza kuhusu bakteria na ini la panya mpaka chakula kikapoa. Mwishowe akasema, “Wewe umefanya kitu ambacho sikujua kinaweza kufanywa na mtu wa kwetu. Mimi ndiye nilikosea kanisani, nitarekebisha mwenyewe.”

Umeniuliza tena jana kama ibada ifutwe. Hapana, isifutwe. Mwache Baba aseme alivyoahidi, lakini simama kando yake, usimwache peke yake. Majirani wanaougua sukari waambie waziwazi kwamba protini yako ni ya kuchunguza tu, haiwezi kumezwa wala kudungwa, na aliyeacha dawa akiingoja arudi kliniki Jumatatu. Mama mpigie kila jioni umuulize kama amemeza, hata akikasirika.

Na usije ukajishusha sasa kwa sababu uliteleza. Dawa hazianzi dukani, dada. Zinaanza kwa watu kama wewe, wanaokaa miezi na kitu kidogo wasichokiona kwa macho mpaka wakielewe. Jumapili vaa vizuri, simama wima. Wakikuuliza kama ni dawa, sema bado. Wakikuuliza ni kazi ya nani, sema ni yako.

Bi. Sabiha, Bungoma