Gharama za Wakili, Miaka Mitatu

Jumatatu, 3 Machi

Mkaguzi wa kodi amekuja. Mama wa makamo, viatu vya chini, miwani ya kamba. Hakutaka chai wala soda. Nilimpa meza yangu, mimi nikakaa kwenye ndoo ya rangi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nje kaka, mwenye karakana hii ya kuchomelea, anazungukazunguka, anajifanya anakagua mageti.

Asubuhi nzima hakuuliza kitu. Nilishaanza kupumua. Mara akafungua faili la mwaka jana, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: gharama za wakili. Akauliza kesi ilikuwa ya nini. Nikasema ya fundi wetu aliyeanguka. Akauliza alianguka akifanya kazi ya nani.

Nikasema nitaangalia. Nitaangalia! Kama vile sijui.

Jumanne, 4 Machi

Hakuna anayesoma hapa ila mimi, basi niandike yote.

Fundi Taratibu (jina tulimpa karakanani, hakuwahi kukimbilia kitu) alianguka kutoka juu ya jukwaa la tenki la maji akilichomelea. Miaka minne sasa. Kiuno kikavunjika. Tenki lilikuwa la karakana. Kazi niliiandika mimi kwenye karatasi ya kazi: jina lake, siku, vyuma alivyochukua.

Alipodai fidia, wakili akamwambia kaka: nyumba yako na karakana viko uwanja mmoja, nani atajua tenki ni la wapi? Basi likawa la nyumbani. Fundi akawa rafiki aliyepita Jumamosi kutoa msaada. Karatasi ya kazi niliichoma kwenye shimo la taka. Kisha nikapanda kizimbani, nikaapa, nikasema hivyohivyo. Sauti haikutetemeka. Tukashinda, na wakili tulimlipa zaidi ya alichoomba fundi.

Na risiti za wakili? Niliziweka faili la kampuni. Mazoea tu — karatasi ikija na mhuri, mkono wangu unaitafutia faili. Kila mwisho wa mwaka nikazijumlisha na matumizi ya biashara, kodi ikapungua, kaka akanisifu kwamba nina akili. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi amerudi na nakala ya hukumu. Ameisoma yote, hata kurasa ambazo nadhani wakili wetu mwenyewe aliziruka.

Alieleza kwa upole, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Ukimlipa wakili kwa jambo la biashara, hiyo ni gharama ya biashara, unaitoa kwenye mapato kabla ya kodi. Ukimlipa kwa jambo la nyumbani kwako, hayo ni matumizi yako.

"Hakimu mlimwambia ni la nyumbani," alisema. "Mimi mnaniambia ni la biashara. Chagueni moja."

Ametupa wiki. Ama tulete ushahidi kwamba fundi alikuwa kazini, ama tulipe kodi ya miaka mitatu na faini juu yake. Kaka alimsindikiza huku akicheka. Alipofunga geti hakucheka tena. Tukilipa, karakana inafungwa. Sitii chumvi, nimepiga hesabu mara tatu. Watu kumi na mmoja wanakula hapa.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka kaniuliza kama ile karatasi niliichoma kweli. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba nimwambie hapana. Niliichoma kweli. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akisikitika kwamba mimi ni mtiifu.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa kaka. Kapata wazo. Alilileta mezani akiwa na furaha kabisa.

Fundi mwenyewe ndiye ushahidi. Tumwandikie barua kwamba siku ile alikuwa kwenye kazi ya kampuni, tenki la kampuni, kwa amri ya kampuni. Aweke sahihi tu. "Si ndicho alichokuwa anakililia mahakamani? Sasa tunampa." Na mifuko miwili ya unga juu.

Wifi akauliza, na mahakama je? Kaka akasema mahakama ni mahakama, kodi ni kodi, wale hawaongei na hawa. Wifi akaniangalia. "Na mdogo wako aliyeapa?"

"Mdogo wangu ni mimi," kaka akasema, akaendelea kula.

Angesema neno lingine ningebisha. Lakini huyu ndiye aliyenisomesha uhasibu, akichomelea madirisha ya watu juani mpaka macho yakawa mekundu. Nilikubali. Nimejichukia tangu saa nane mpaka sasa.

Jumanne, 11 Machi

Barua iko tayari. Karatasi yenye nembo yetu. Kaka ametia sahihi kama mmiliki, mimi kama mtunza hesabu, na mhuri. Nafasi moja imebaki, ya fundi. Kaka kaniambia barua isitoke mkononi mwangu. Karudia mara mbili.

Jumatano, 12 Machi

Nimetoka huko kwa fundi.

Mke wa fundi alikuwa anafua nguo za watu, mabeseni matatu. Alijibu salamu, hakusimama. Mifuko ya unga niliiweka mlangoni na hakuna aliyeigusa. Fundi yuko kitandani karibu na dirisha, mabega bado mapana, miguu imekuwa ya mtu mwingine. Akanikaribisha kwa jina alilokuwa akiniita zamani: dada wa hesabu. Heri angenitukana.

Akasema nimsomee. Nikasoma. Akasema, "Rudia hapo pa tenki." Nikarudia. Mke wake akaacha kufua.

Fundi akatazama dari.

"Unajua, nilishaanza kuamini labda nimesahau," alisema. "Watu watatu wenye tai wakikwambia hukuwa kazini, na wewe dada ukasema vilevile, mtu unajiuliza. Nikasema pengine kichwa nacho kiligonga chini."

Nilitaka ardhi inimeze. Mke akafuta mikono kwenye kanga, akaja mlangoni.

"Kwa hiyo mlikuwa mnajua."

"Tulijua siku zote," nikasema. "Karatasi yake ya kazi niliichoma mimi."

Sikupanga kusema hivyo. Ilitoka tu.  Mke aliuliza barua ni ya nani. Nikasema ya mkaguzi wa kodi, ili tupunguziwe. Fundi akacheka, kicheko kikamwuma kiuno.

"Kumbe nilikuwa kazini kwa ajili ya kodi," akasema.

Mke akasema mumewe hatii sahihi leo. Fundi akasema nimwachie barua, alale nayo.

Nilikumbuka maneno ya kaka, mara zote mbili. Nikaangalia sahihi yake, na yangu chini yake, na mhuri. Nikaiweka kitandani.

Mke alinisindikiza mpaka njiani. Hakuniangalia. Akauliza duka la fotokopi pale kona linafunguliwa saa ngapi. Nikamwambia saa mbili, na mkaguzi anakuja kwetu saa tatu. Nikafika hatua kumi hivi, nikarudi. Nikamwambia atoe nakala mbili, ile yenyewe asimpe mtu, hata mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Saa tatu kasoro kumi. Ofisini.

Kaka amenifokea tangu asubuhi: kwa nini niliiacha, nimemwaga mtama kwenye kuku wengi, elimu yote ile ya nini. Nilimwacha aseme. 

Sasa hivi geti limegongwa. Si mkaguzi. Ni mke wa fundi, kavaa gauni la bluu alilokuwa anavaa kila siku ya kesi, bahasha mkononi. Kaka amechungulia, uso wote ukafunguka.

"Unaona? Kaleta. Nilikwambia atatia sahihi."

Anapekua droo anatafuta noti ya kumshukuru. Ananiambia nikafungue. Nimesema namalizia mstari huu.

Bahasha ni nyembamba sana. Ndani haiwezi kuwa na zaidi ya karatasi moja, nakala tu; ile yenye sahihi zetu na mhuri imebaki kwao, ya kumrudishia hakimu.